Ngazi Isiyokwenda Popote

Umekuja na daftari, kijana, waulizia keki.
Haya. Keki ilikuwa plasta.
Ilikaa mezani kwa Bi Pomfret misimu minne,
na kila Jumanne niliipaka rangi upya
kwa kuwa Lionel, akishikwa na woga wa jukwaa,
aliikwangua kwa ukucha wa kidole gumba.
Andika hilo.

Andika na mlango wa jikoni, uliofungukia upande usio wake.
Seremala alikosea, fedha zikawa zimekwisha,
basi kila aliyeingia aliuzunguka kimgongomgongo
kama mtu anayemkwepa mdai.
Nchi nzima ikacheka. Gazeti moja likasifu: ubunifu ulioje!
Cuthbert Lumb, seremala mwenyewe, mtu wa Oldham,
alikikata kipande kile cha gazeti
akakibandika chooni kwake.

Na mbwa alikuwa kiziwi.
Hakuwa mkaidi hata kidogo, maskini.

Lakini ngazi hujaiuliza.
Hakuna anayeiuliza ngazi.

Vidato kumi na vitatu, zulia jekundu,
halafu ubao mpana kama kitanda cha mtoto,
halafu giza.
Ghorofa ya juu ya nyumba ile haikuwahi kujengwa.
Dilys Prothero alipofoka, "Nakwenda kulala!",
akapanda kwa kishindo, mkabamiziwa mlango,
mlango ule ulikuwa mimi:
mbao mbili, bawaba moja, na mkono wangu wa kulia.

Goti lake halikuweza ngazi ya nyuma,
kwa hiyo alibaki.
Dakika tisa, pengine kumi na moja,
amekaa juu ya kreti la maziwa, anafuma sweta
kwa sindano za mti, maana za chuma zingesikika.
Peremende alizivua karatasi zake mapema, chumba cha kuvalia,
akanipa moja kila wiki, ina manyoya ya mfukoni.
Hatukusema neno.
Mbele yetu mgongo wa ukuta, namba za chaki,
na chini huko watu mia tatu wakishika mbavu
kwa mambo tusiyoyaona.

Husemwa aliye juu mngoje chini.
Wao walimngoja chini.
Mimi nilingoja naye juu.

Februari ile simu ilipigwa langoni saa moja jioni.
Kakake Emrys, mapafu yamejaa vumbi la makaa,
amekata roho huko kwao Wales.
Saa mbili kasoro Dilys alipanda ngazi kama kawaida,
nikabamiza mlango kama kawaida,
na yeye akalia
jinsi alivyovua zile karatasi: bila mchakacho.
Nilimshikia sufi. Sikujua kingine cha kushika.

Taa ndogo ikawaka. Akajifuta kwa ile sweta,
akashuka, akasema,
"Nani amekula jamu yangu?"

Sekunde ishirini na saba walicheka.
Fundi wa sauti alizihesabu.

Kanda ile waliifuta mwaka uliofuata,
wakarekodi juu yake mpira, suluhu bila bao.
Kicheko tu ndicho kilichopona:
walikuwa wamekinakili, wakakiweka kabatini,
wakawa wanakichovya katika vipindi vingine
kama bizari.
Mpaka leo, usiku nikikosa usingizi, runinga inaongea peke yake,
nakisikia. Nakijua kwa yule mwanamume anayekohoa katikati,
mara mbili, halafu moja.
Napunguza sauti.
Halafu naiongeza.

Sweta? Hii hapa nimeivaa.
Mkono wa kushoto unaishia hapa, unaona,
kwa sababu kipindi kilikatishwa Mei.

Haya, turudi kwenye keki, umesafiri mbali.
Runinga zenu zilikuwa nyeusi na nyeupe, mliiona nyeupe, sivyo?
Ilikuwa kijani.
Kijani cha dimbwi.
Ndiyo rangi iliyokuwa imebaki kopoini.